Kashe yangu ya zambarau

Kuriyenti, umeme wetu, ilirudi saa tisa ya mchana, na dakika mbili hazijapita nikasikia harufu. Ile ya plastiki inayoungua, kama mtu ameangusha sandali juu ya mbabula ya makaa. Nikainama chini ya meza, nikavuta viboksi vya karatasi, nikakuta ondileri yangu, kile kiboksi cha betri kinachoshika kompyuta umeme ukikatika, inatoa moshi mwembamba mweusi, unapanda polepole nyuma ya printa kubwa, ile ambayo hata kuilipa sijamaliza.

Nikachomoa waya. Nikatoa wateja wawili nje. Nikashika simu, nikampigia fundi mmoja mzee wa umeme wa Katuba, hapa hapa Lubumbashi, Kongo, mtu ambaye hata shule ya msingi hakuimaliza, nikamwambia, "Baba, kuya mbio, ondileri inaungua."

Nikakata simu, nikageuka.

Mwipwa wangu alikuwa amesimama mlangoni. Ana miaka 23, anasoma umeme mwaka wa tatu, na siku hiyo alikuwa kwangu tangu asubuhi ananisaidia kupanga memwari za wanafunzi, zile kazi zao za kumaliza masomo. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama vile mtu anauliza bei ya mkate:

"Mujomba, si weye njo ulisaini kama miye ni fundi?"

Wiki sita zimepita sasa. Nimejaribu kuandika hii mara tatu, kila mara naifuta juu inanionyesha vibaya. Basi, na inionyeshe vibaya.

Siku thelathini

Miezi miwili kabla ya moshi, kijana alikuja na karatasi ya staji, mafunzo ya kazini. Mnaijua. Juu jina la shule, katikati jedwali, chini nafasi ya saini na kashe, yaani mhuri. Ili apite mwaka alitakiwa afanye siku thelathini mahali panapofanya kazi ya umeme, na karatasi irudi Ijumaa.

Alikuwa amezunguka fasi tisa, mahali tisa pa kazi. Najua ni tisa juu barua zote alizichapisha kwangu, kwa deni. Fasi nne walimwambia tutakupigia. Mbili walinzi hawakumruhusu kupita geti. Moja walimwomba makuta, pesa, ya "dosie". Moja walichukua barua wakaiweka juu ya rundo la barua zingine, na yeye aliona kwa macho yake kwamba zile za chini zilikuwa zimeshaanza kuwa njano. Ya tisa hakutaka kunieleza, na mimi sikumlazimisha.

Ilikuwa Jumatano. Dada yangu alinipigia simu mara tatu.

Nikaijaza.

Mimi niko na sekretaria ndogo karibu na barabara ya Kasapa, kompyuta tatu, mashini ya fotokopi, printa. Kazi ya umeme iliyopo kwangu ni kubadilisha ampuli za taa. Lakini niko na kashe, niko na namba ya biashara, na shule haikuuliza zaidi ya hapo. Nikaandika kwamba alifanya "matunzo ya vifaa vya umeme" tangu tarehe fulani hadi tarehe fulani. Kufika kwa wakati, 18 kwa 20. Nidhamu, 18. Kujituma, nikafikiri kidogo, 16, juu ukimpa mtoto 20 kila mahali watashtuka. Hata uongo uko na ufundi wake, na huo mimi ninao.

Kashe yangu ni ya zambarau. Niliipiga mara mbili kwa sababu ya kwanza ilitoka nusu.

Kazi yote haikufika dakika tano, na nilipomaliza nilijisikia vizuri, kwa kweli, nilijisikia mjomba kabisa. Nilimnunulia na fanta.

Ndiyo maana lile swali la mlangoni lilinipiga. Kudanganya shule hakukuninyima usingizi hata siku moja (shule nayo inajua, tusidanganyane). Kilichoniuma ni kwamba mashini yangu mwenyewe ilipoungua, mimi mwenyewe sikuiamini kashe yangu. Sikumfikiria hata kidogo. Nilimtafuta mtu anayejua umeme huku mwanafunzi wa umeme amesimama mita mbili kutoka kwangu, na karatasi yenye saini yangu inasema anajua.

Waya ya sufuri

Fundi alifika na pikipiki, na mfuko wake wa turubai. Hakuangalia ondileri. Alitoka nje moja kwa moja mpaka kwenye boksi la mita, akakaza hapa, akatikisa pale, na kwa dakika kumi akarudi akasema, "Waya ya sufuri, ile munagawana na jirani, imelegea. Ile ingine ya kwenye poto, kwenye nguzo, nayo siiamini."

Nikamuuliza kama ni waya imelegea tu, mbona moshi?

Akainua mabega. "Sufuri ikiachia, bintu binaungua. Njo vile."

Hapo mwipwa akafungua mdomo. Akaeleza, kwa sauti ndogo, kwamba kwenye mtaa wetu nyumba zimegawanywa juu ya fasi tatu za umeme, yaani nyaya tatu zenye moto, na sufuri moja ya kurudishia. Kati ya kila fasi na sufuri ni volti 220, lakini kati ya fasi na fasi ni 380. Sufuri hiyo tunayogawana ikikatika, vyombo vyangu na vyombo vya jirani vinajikuta vimefungwa pamoja kati ya fasi mbili, vinagawana zile 380, na hazigawanywi sawa sawa, mwenye vyombo vidogo ndiye anayepokea nyingi. Jirani yangu anachomelea milango ya chuma. Mimi nina kompyuta. Jibu mnalo.

Fundi alimtazama kijana kwa muda. Miaka thelathini anakaza sufuri za watu na hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini.

Na mwipwa wangu, ambaye alijua kwa nini mpaka namba zake, asingeweza kukisia kwamba mkono wa kwanza unaenda kwenye boksi la nje. Alikuwa anaitazama ondileri, kama mimi.

Usiku ule sikulala vizuri. Si kwa sababu ya ondileri, ingawa nayo ilikuwa na bei yake.

Babu hakuandika barua

Babu yangu, baba ya mama, hakuwahi kuomba kazi. Kazi ndiyo ilimchukua. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, iliundwa mwaka 1906, na kufika mwisho wa miaka ya 1920 iliona kwamba kuleta wanaume kwa miezi michache na kuwarudisha kijijini ni hasara, bora wakae na bibi zao, wazae, watoto wakue ndani ya kampi. Basi ikajenga nyumba, ikajenga hospitali, ikagawa poso ya chakula, ikafungua shule. Mama yangu anasema saa ya nyumbani kwao ilikuwa sirena ya kampuni. Mtoto wa kiume alikuwa anatayarishwa kwa ajili ya mgodi hata kabla ya kuota meno ya pili.

Sisemi ilikuwa vizuri. Mzungu alikuwa juu na mtu mweusi alijua dari lake liko wapi, na ile shule ilimfundisha mtoto kiasi tu cha kumtumikia yule aliye juu ya dari. Lakini kama swali ni "kutayarisha kijana kwa kazi", hakuna mtu katika nchi hii amewahi kutayarisha vijana kuwashinda wale. Walitayarisha kabisa. Kwa kitu kimoja.

Baba yangu alirithi hicho kitu kimoja, wakati kilishakuwa kinaitwa Gécamines. Mwaka 1986 ilitoa karibu tani 476,000 za shaba, na baba wakati ule alikuwa anavaa saa ya mkononi na kutembea katikati ya barabara. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, halafu ikaja miaka ile ambayo hapa Lubumbashi hatupendi kuizungumza, na kufika 1994 zilikuwa zimebaki kama tani 30,000. Mishahara ikakatika. Mwaka 2003 ukaja mpango wa "kuondoka kwa hiari", uliolipiwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakapewa bahasha na kwaheri.

Kwa hiari! Baba alikuwa anacheka kila akilitamka hilo neno.

Na makuta ya bahasha alinunua mashini ya kusaga mahindi. Jirani, naye wa Gécamines, akanunua mashini ya kusaga mahindi. Nyumba ya tatu vile vile. Barabara moja, mashini tatu, mahindi yale yale. Mwaka wa pili baba aliuza yake kwa nusu ya bei, na mimi, mtoto wake wa kwanza, nikapelekwa kusoma biashara na kompyuta juu alisema: "Kompyuta haiporomoke sawa mugodi."

Baba, ngoja kidogo.

Ninachokiona kwenye sivii

Mimi napiga sivii, zile karatasi za wasifu za kuombea kazi. Kwa mwaka napiga nyingi sana, nimeacha kuhesabu, na ninaweza kukwambia mambo ambayo hata wizara haiyajui. Kwa mfano, kila kijana wa Lubumbashi ni "mchapakazi, mwenye kujituma, anayeweza kufanya kazi chini ya presha". Kila mmoja anapenda kusoma na mpira. Kila mmoja anajua Word, Excel na intaneti "vizuri". Juzi kijana aliyeniandikisha hayo aliniomba nimsaidie kutuma sivii yenyewe kwa imeili juu hajui kuunganisha faili, na wakati nafanya alikuwa anajibu watu kwenye WhatsApp kwa kidole gumba, kwa kasi ambayo mimi na vidole kumi siifikii.

Kuna mstari mmoja tu kwenye sivii unaobadilika mwaka hata mwaka. Ule wa mwisho, wa "mengineyo". Hapo ndipo napimia jiji.

Kuna wakati wote walikuwa wanaandika leseni ya kuendesha malori makubwa. Halafu ikaja cheti cha usalama kazini, kila mtu anajua kuvaa kofia ngumu. Siku hizi wanaandika Kichina. Wengine wanajua kweli, nimewasikia kwa masikio yangu wakibishana bei na Wachina, nikabaki mdomo wazi. Na kwa miaka kadhaa kila mtu alikuwa anaandika kobalti. Chochote cha kobalti, kupima, kuosha, kulinda, kubeba.

Kobalti mwaka 2022 ilipita dola 80,000 kwa tani. Mwanzo wa 2025 ilikuwa kama 21,000, kwa sababu tulichimba nyingi kuliko dunia ilivyotaka, na kwa sababu viwanda vingi vya magari ya umeme vilihamia kwenye betri za chuma na fosfeti ambazo ndani yake hamna kobalti hata chembe. Tarehe 22 mwezi wa pili 2025 serikali ikafunga kuiuza nje, mpaka mwezi wa kumi ikafungua kwa vipimo. Nchi inayotoa kama asilimia sabini ya kobalti ya dunia inafunga mlango, na mahali nilipoisikia mimi ni pale kwenye meza yangu: vijana walirudi kutoka Kolwezi, mji wa migodi ya kobalti, mmoja mmoja, wanataka sivii mpya, na neno kobalti lishuke chini kidogo.

Mmoja wao nilimwandikia mwenyewe. Alifanya kazi ya siku kwa siku kwa kampuni ndogo inayopewa vibarua na kampuni kubwa. Sheria ya kazi inasema ukimtumikisha mtu wa siku mpaka siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimwita tena ndani ya hiyo miezi, huyo si wa siku tena, ni wako. Basi walikuwa wanamfikisha siku ya 21.

"Siku ya 21 banakwambia pumuzika kwanza, baba. Banakuita baba kabisa."

Miaka miwili ya hivyo. Kwenye sivii tuliandika "miaka miwili ya uzoefu", na ni kweli, lakini nilipomuuliza alijifunza nini akafikiri sana. Akasema: kuhesabu mpaka 21.

Na meza yangu

Ngoja niseme na hili, juu ningeliacha ningekuwa mwongo mara ya pili.

Kazi yangu inakufa. Zamani mwanafunzi alikuwa analeta memwari imeandikwa kwa mkono, kurasa themanini, mimi napiga, narekebisha Kifaransa chake kidogo (bila kumwambia), nachapisha, nafunga. Leo anakuja na faili kwenye simu, imeshaandikwa, na mara nyingi imeandikwa na akili bandia. Najua juu inaanza vile vile. Wanafunzi watatu, shule tatu, mada tatu, na utangulizi wenye mwendo mmoja kama mapacha. Barua za kazi ndiyo usiseme. Zimekuwa nzuri sana! Hakuna kosa hata moja, na bosi mmoja mteja wangu aliniambia yeye hazisomi tena, anaangalia tu nani amemtuma.

Kwa hiyo mimi, mtoto niliyetayarishwa kwa kompyuta, ninauza sasa kitu gani? Karatasi na wino. Na kashe.

Sisemi hivi ili mnihurumie. Nasema kwa sababu wakubwa wakikaa kwenye viti vya plastiki Jumapili wanapenda kusema vijana hawa hawajatayarishwa, shule zimeoza, enzi zetu... na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo, kwa sauti, na bia mkononi. Sasa najiuliza: tungewatayarisha kwa nini? Babu alitayarishwa kwa kampuni ikafa. Baba alijitayarisha kwa mahindi. Mimi kwa kompyuta, na kompyuta haikuporomoka, baba alisema kweli, imejifunza tu kufanya bila mimi. Ukiniuliza mwaka 2035 Lubumbashi itataka watu wa kazi gani siwezi kukujibu, na anayekujibu haraka mwangalie vizuri, labda anauza mafunzo.

Lakini sufuri iliyolegea nimeiona. Na nimeona mtoto akieleza kwa nini, na mzee akionyesha wapi, na kwamba wangekaa mji mmoja mpaka kufa bila kukutana kama ondileri yangu isingeungua.

Ngazi

Wiki iliyofuata nilienda Katuba mwenyewe. Nikamwambia fundi, "Baba, mutoto yangu umukamate. Siku thelathini. Za kweli."

Fundi hakufurahi. Alisema vijana wa shule wanaogopa kuchafuka, na wasioogopa wakijua kidogo tu wanafungua karibu na wewe na kukuibia wateja. Ametoa watatu hivyo. Wa mwisho anamwona kila siku, ng'ambo ya barabara.

Nikanyamaza, juu mimi pia sijawahi kumfundisha mtu. Miaka kumi na minne ya sekretaria. Wameniomba wengi, na kila mara nilisema nafasi ni ndogo. Nafasi ni ndogo kweli, lakini sababu ilikuwa ile ya fundi.

Mwisho alikubali, kwa masharti: kijana abebe ngazi, afike saa kumi na mbili na nusu, asiongee mbele ya wateja.

Wiki ya kwanza mwipwa alibeba ngazi. Alikuwa ananitumia sauti usiku, amechoka, "mujomba, mi nasoma umeme ama nasoma ngazi?" Wiki ya pili akagundua kwamba fundi hagusi waya wowote ambao swichi yake imezimwa na mtu mwingine. Hata mwenye nyumba akiapa. Fundi mwenyewe anaenda, anazima, anapima, halafu anamweka mwipwa asimame mbele ya boksi kama askari. Hilo darasani halikuwepo, mwipwa anasema, darasani boksi lilikuwa mchoro.

Wiki ya tatu wakaenda Ruashi, mama mmoja anayeuza samaki anataka sola kwa ajili ya frigo yake. Fundi akasema kama kawaida: betri moja ya 200, kama tulivyofanya kwa mwenzako. Mwipwa, aliyekatazwa kuongea mbele ya wateja, akangoja mpaka wamefika kwenye pikipiki. Akachukua kiberiti cha fundi, akaandika kwenye ile karatasi ya nyuma. Frigo wati 150, tuseme inafanya nusu ya siku, saa 12, ni wati-saa 1,800. Televizyo 300. Taa 300. Jumla 2,400 kwa siku. Betri moja ya volti 12 na ampea 200 inabeba 2,400 hizo hizo, lakini betri ya risasi ukiikausha kila siku inakufa upesi, unatakiwa utumie nusu yake. Yule mama betri yake haitafika masika mawili, na samaki wataoza usiku, na lawama itakuja Katuba.

Fundi akaangalia kile kiberiti. Akauliza, "Kwa mwenzake je?"

"Kwa mwenzake njo vile vile, baba. Itakufa."

Walirudi ndani. Fundi mwenyewe ndiye aliyemweleza mama kwamba anahitaji mbili, kwa maneno yake, bila hesabu, na mama alimwelewa haraka kuliko ambavyo angemwelewa mwipwa. Kwa mwenzake bado hawajaenda. Fundi anasema ataenda. Sijui kama anaogopa kurudisha makuta au anaogopa aibu.

Kile kiberiti yuko nacho fundi, hakitupi, ingawa njiti zimeisha.

Yanayonikwaza bado

Mtu atasema, basi umepata jibu, wapelekeni vijana kwa mafundi. Hapana, polepole.

Kwanza, siku thelathini zile hakulipwa hata franka moja, na usafiri nililipa mimi. Mtoto asiye na mjomba mwenye sekretaria atakulaje? Ile kampuni inayohesabu mpaka 21 nayo ikikusikia unasifu kazi isiyolipwa itapiga makofi. Sijui mstari uko wapi kati ya kujifunza na kunyonywa, najua tu kwamba siku ya 25 fundi alimwacha peke yake Kamalondo siku nzima, akarudi jioni kuchukua malipo, na hiyo mimi haikunifurahisha, na nilimwambia, na tulinuniana wiki.

Pili, wasichana. Mwanafunzi mmoja wa hesabu za biashara, mteja wangu, nilimuuliza kwa nini hakumaliza staji yake mahali pale pazuri alipopata. Alisema "mukubwa wa pale alikuwa anataka tufanyie staji usiku." Alisema huku anacheka, ile kicheko ambacho ukikitazama unaona hakiko. Yeye karatasi yake ilisainiwa wapi? Sikuuliza. Kuna sekretaria nyingi Lubumbashi, na kashe ni nyingi.

Na tatu ni hii ya kwangu, ndogo. Ile karatasi ya kwanza iko shuleni, kwenye faili. Mwipwa wangu alipita mwaka kwa siku thelathini zisizokuwepo, na zile zilizokuwepo hazimo kwenye karatasi yoyote, fundi hana kashe. Nilimwambia tuende tubadilishe, akanitazama kama mtu mwenye homa. "Mujomba, uache. Utaniletea matata." Yuko sawa. Nimeacha.

Jumatatu

Jumatatu hii aliingia msichana, mwaka wa pili, kompyuta na ofisi. Akaweka karatasi juu ya meza, jedwali lile lile, siku thelathini, ikiwa imeshajazwa kila kitu isipokuwa saini. Hata alama alishajipa. Kujituma 16.

"Papa, banasema hapa munasaidia."

Basi habari ilishasambaa. Nilisikia aibu mpaka masikioni.

Nilitaka kumwambia nafasi ni ndogo. Lile neno lilishafika kwenye ulimi. Wakati huo huo mashini ya fotokopi ilikuwa imeng'ata karatasi kama kawaida yake, mlio ule wa kutafuna, na mteja anagonga meza kwa ufunguo wa gari. Nikamuuliza msichana kama amewahi kufungua tumbo la mashini kama hii. Akasema hapana. Nikamwonyesha kile kitasa cha kijani, unakigeuza hivi, unavuta karatasi upande inakoelekea, usiivute kinyume itachanika na kipande kitabaki ndani, halafu utanilaumu mimi.

Akaivuta kinyume.

Tulikaa dakika ishirini na kibano cha nyusi tunatoa vipande. Mteja akaondoka kwa hasira, nilipoteza kama franka elfu sita. Karatasi ya msichana nimeiweka kwenye droo, haijapigwa kashe, na nimemwambia saa mbili asubuhi. Makuta ya usafiri tutaongea Ijumaa, bado sijui nitayatoa wapi. Na kiti cha pili sina. Nimeazima kimoja kwa mama anayeuza mikate pale mbele, mguu mmoja mfupi, nimeweka chini yake ile sivii ya zamani ya mtu fulani, imekunjwa mara nne.